Matundu sita nyuma ya kichwa cha gita

Kazi niliyoifanya mwezi uliopita ilikuwa na sehemu nyingi, lakini iliyonila muda kuliko zote ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote: tundu la upana wa milimita 1.6 na kina cha milimita 8. Yalikuwa sita tu. La kwanza niliharibu, na sehemu kubwa ya ninachoandika hapa nilijifunza kutokana na hilo.

Gita lenyewe ni la nyuzi za chuma, shingo yake ni ya mti wa mepo (maple), na lilikuwa la mjomba wangu. Alinikabidhi wakati sijui hata kulishika, na karibu kila ninachokijua kuhusu gita nimejifunzia juu yake. Kwa miaka miwili ya karibuni lilikuwa limekataa kutulia. Unalipanga sauti vizuri, unapiga beti mbili, uzi wa tatu ushashuka. Nilibadilisha nyuzi, nikabadilisha namna ya kuzifunga kwenye nguzo, vile vijiti vya chuma ambavyo nyuzi hujizungushia, haikusaidia. Ugonjwa ulikuwa kwenye vikaza-nyuzi, vile vifaa sita vya kichwani: unazungusha kishikio, gia iliyo ndani inazungusha nguzo, uzi unakaza au unalegea. Meno ya gia yalikuwa yamelika. Kishikio cha uzi wa tatu kilizunguka karibu robo nzima ndipo nguzo ianze kusogea, na ukikirudisha nyuma ilikuwa hivyo hivyo.

Nilichagua vikaza vipya vilivyofunikwa kabisa, gia ndani ya grisi, mizunguko 18 ya kishikio kwa mzunguko mmoja wa nguzo. Vya zamani vilikuwa vya mtindo wa Kluson, kampuni ya vikaza: kibati chembamba kilichoshikwa kwa skrubu mbili, na bushi, yaani kipete cha chuma ambacho nguzo hupita ndani yake, iliyosukumizwa tu ndani ya tundu upande wa mbele. Hivi vipya vina nati nene inayokazwa kutoka mbele, na nyuma kuna skrubu moja ndogo inayopita kwenye kisikio kilichotokeza pembeni. Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Matundu 12 ya skrubu za zamani hayatatumika tena, na matundu 6 mapya hayapo bado.

Ile skrubu moja si ndiyo inayoshika kikaza, ingawa nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Inayoshika ni nati. Skrubu kazi yake ni kukizuia kikaza kisizunguke pale uzi unapokivuta. Seti ya nyuzi nyepesi za gita kama hili, zile ziitwazo 12 hadi 53 kwa unene wake wa kwanza na wa mwisho katika sehemu za elfu za inchi, huvuta jumla ya zaidi ya kilo 70 zikishapangwa sauti ya kawaida. Ukigawa kwa sita unapata kilo 12 hivi kwa kila uzi, usiku na mchana, hata gita likiwa limetundikwa ukutani. Skrubu ikilegea, kikaza kinajigeuza kidogo kila unapokaza uzi. Ikiingia imepinda, inakivuta upande, kishikio kinakaa mshazari kando ya wenzake, na ukishakiona hivyo huachi kukiona.

Kuyapanua matundu ya nguzo kutoka milimita 8.8 hadi 10 nilifanya kwa kipanulio cha mkono, kile chenye umbo la pia na makali ubavuni, kidogo kutoka mbele, kidogo kutoka nyuma, mpaka bushi ya nati mpya ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Drili ya umeme yenye biti ya milimita 10 sikuithubutu hapo. Biti kubwa ikiingia kwenye tundu lililokwishatobolewa hunasa ukingo na kuuparua, na ukipasua kichwa cha gita umepata kazi nyingine kabisa. Sehemu hiyo ilikwenda salama. Nadhani ndiyo iliyonipa kiburi.

Nilianza skrubu na kikaza cha uzi mnene kuliko wote, E ya chini. Nilikaza nati kwa vidole, nikakinyoosha kikaza kwa jicho tu, nikachukua drili ya umeme yenye biti ya milimita 1. Ndiyo biti nyembamba pekee niliyokuwa nayo, na nilijiambia kuwa tundu likiwa dogo skrubu itashika zaidi. Nilitoboa moja kwa moja kupitia kisikio cha kikaza. Biti ilipogusa vanishi haikuzama. Iliteleza, ikagonga ukingo wa kisikio, ikaacha mkwaruzo mweupe mfupi kama alama ya ukucha, kisha ikazama ilipopenda yenyewe, karibu milimita moja nje ya katikati.

Niliona kuwa si sawa, nikaendelea. Skrubu iliingia mizunguko mitatu bila taabu. Wa nne ukawa mzito. Wa tano skrubu ikaanza kulia, ule mlio mwembamba wa chuma kinachosuguana na mbao kavu, na mkono wangu ulishapata habari kabla ya kichwa. Nikaegemea bisibisi kwa nguvu zaidi. Kikasikika kishindo kidogo, tik, na bisibisi ikawa nyepesi ghafla. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimenasa kwenye ncha ya bisibisi, kinang'aa kama kipya, na kiwiliwili chake chote kimebaki ndani ya mepo.

Kaka yangu mkubwa ni seremala. Nilimpigia simu usiku uleule.

"Kaka, skrubu imenikatikia ndani."

"Imetokeza hata kidogo?"

"Hapana. Imekatika sawa na uso wa mbao."

"Basi weka kila kitu chini, mdogo wangu, na usiichokoe. Kila ukiichokoa unapanua kidonda. Ulitoboa kwa biti ya ngapi?"

"Ya moja."

"Skrubu ina unene gani?"

Sikuwa nimepima. Nilimwambia hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nilipaka nta. Nikasema hapana. Hakunikemea. Aliniambia niende nikalale, kesho yake nipime skrubu zilizobaki kabla ya kugusa kingine chochote.

Kesho yake nilipima kwa kalipa, kile kipimo cha unene chenye taya mbili. Unene wa skrubu kwenye ncha za hesi, yale makali yanayouzunguka mwili wake, ulikuwa milimita 2.2. Unene wa kiini, yaani ule mwili uliobaki ukizitoa hesi, ulikuwa milimita 1.5. Zinazoshika mbao ni hesi. Kiini hakishiki kitu, kinahitaji nafasi ya kupita basi. Nami nilikuwa nimekipa nafasi ya milimita 1, kwa hiyo nusu milimita nzima ya mbao ngumu ilitakiwa ihame na haikuwa na pa kwenda. Kwenye mti laini mbao hujibana na kupisha. Mepo haipishi. Inakaba skrubu mpaka iliyo dhaifu kati ya hizo mbili ikubali, na skrubu ndogo iliyopakwa rangi ya dhahabu au fedha kwa ajili ya urembo, mara nyingi ndiyo dhaifu.

Kwa asiye na kalipa, kaka alinifundisha kutumia mwanga. Shika skrubu wima mbele ya dirisha, shika biti mbele yake. Biti ikikifunika kiini chote na hesi zikawa zinaonekana zimetokeza kushoto na kulia, biti hiyo ni yake. Hesi zikipotea nyuma ya biti, biti ni nene mno na skrubu itazunguka bure. Kiini kikitokeza pembeni mwa biti, ni nyembamba mno. Kwa mbao ngumu chagua biti iliyozidi kiini kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Yangu ikawa 1.6. Nimejaribu njia hii ya dirisha mara kadhaa tangu siku ile na kulinganisha na kalipa, na macho yamekaribia kila mara.

Skrubu iliyokatika ilitoka mchana wa siku ya pili. Ingekuwa imetokeza hata milimita mbili, ningeishika kwa koleo na kuizungusha, pengine baada ya kuipasha kwa kile chuma cha moto cha kulehemia nyaya. Haikutokeza. Njia iliyobaki ni kutoboa mbao inayoizunguka, si skrubu yenyewe, maana biti nyembamba ikikutana na chuma huteleza pembeni na kutafuna mbao. Kaka aliniambia nitafute antena ya redio iliyokufa. Antena ile ya kuvuta ni vibomba vyembamba vilivyoingiana, na kimojawapo kilikuwa na unene wa milimita 3.5 kwa nje, na ndani kikaipokea skrubu na nafasi kidogo ikabaki. Nilikata kipande, nikachonga meno mdomoni kwa tupa ya pembe tatu, meno sita madogo, kikawa msumeno wa mviringo.

Kibomba kama hicho hakina ncha ya katikati ya kukielekeza, kwa hiyo kikianza kuzunguka juu ya vanishi kinacheza kila upande. Nilitoboa kipande cha mbao tundu la milimita 3.5, nikakibana juu ya kichwa cha gita kwa kibano na vitambaa, tundu likiwa limeizingira skrubu. Kisha nikazungusha polepole, nikitoa kibomba kila baada ya milimita mbili kupuliza unga. Harufu ya mepo iliyoungua kidogo ilijaa chumbani. Nilipofika chini ya ncha ya skrubu nilikitikisa kibomba, kikakata, kikatoka na kijipande cha mbao chembamba kama kijiti cha kiberiti. Skrubu ilikuwa katikati yake, imenyooka, hesi zote zimejaa mbao. Nimekihifadhi kijipande hicho kwenye kisanduku cha nyuzi.

Tundu lililobaki nililisawazisha kwa biti ya milimita 4, kwa kutumia mwongozo mwingine wa mbao wa namna ile ile, nikaliziba kwa kijiti cha mepo na gundi ya mbao.

Kuhusu kuziba nina maoni, na najua wapo wasiokubaliana nami. Njiti ya kuchokolea meno na tone la gundi inatosha kabisa pale skrubu ileile inaporudi kwenye tundu lake lililolegea. Nimefanya hivyo kwenye milango na makabati na sijawahi kujuta. Lakini hapa tundu jipya halikai juu ya la zamani, linakaa kando yake. Kwenye vikaza viwili vyangu ukingo wa tundu jipya ulikuwa chini ya milimita moja kutoka ukingo wa lile la zamani. Biti hufuata upande usio na upinzani. Ikiwa upande mmoja una mepo na mwingine una njiti laini, au hewa tupu, biti itaelekea huko hata ukiishika kwa mikono miwili. Kuziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi nako kunapendeza kwa macho tu, maana ukitoboa karibu yake unabomoka. Kijiti kiwe cha mti ule ule, au wenye ugumu unaokaribiana, kisha jirani zote mbili zitakuwa sawa machoni pa biti.

Vijiti hivyo nilivitengeneza kwa kuchonga vipande vya mepo kwa kisu mpaka vikakaribia unene, halafu nikavigonga kwa nyundo kupitia tundu la milimita 3 (la milimita 4 kwa kile cha E) kwenye kipande cha bamba la chuma. Kinaingia na pembe zake, kinatoka mviringo. Matundu ya zamani niliyapitisha biti ya milimita 3 kwanza ili yapokee kijiti chenye umbo safi. Gundi kidogo ukutani mwa tundu, kijiti ndani, nikaacha vikauke saa 24. Ziada nilikata kwa patasi kali, nikiwa nimelaza kadi nyembamba yenye tundu katikati juu ya vanishi ili makali yasiiguse.

Niliogopa kwamba skrubu ya E itakaa ndani ya kijiti badala ya mbao asilia. Kaka alinikumbusha kazi ya skrubu ile. Hakuna kinachoivuta itoke. Inasukumwa ubavuni, na kijiti kilichogundishwa vizuri pande zote kinastahimili msukumo huo. Mpaka leo sijaona dalili ya kusogea.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya kutoboa, na nusu yake ya kwanza sikugusa drili.

Niliufunga uso wote wa nyuma wa kichwa kwa tepu ya karatasi isiyong'ang'ania, ile ya wapaka rangi. Nikarudisha vikaza vyote sita, nati zimekazwa kwa vidole kiasi cha kuvizuia visidondoke lakini vigeuke ukivisukuma. Kisha rula ya chuma, imelazwa kwenye migongo ya vikaza vitatu vya upande mmoja. Vikigusa rula vyote vitatu bila mwanga kupenya, vimenyooka. Jicho peke yake hudanganywa na umbo la kichwa cha gita, kwa sababu pande zake hazilingani wala haziendi sambamba na shingo. Jioni ile ya kwanza nililinganisha kikaza na ukingo wa kichwa na nikadhani kimenyooka. Rula iliponionyesha, kilikuwa kimelala kama digrii tatu.

Kabla ya kuweka alama nilikisukuma kila kikaza kwa kidole kuelekea upande ambao uzi utakivuta. Tundu la nguzo lina nafasi kidogo, hata likipanuliwa kwa uangalifu namna gani. Nafasi hiyo uzi utaila yote siku ya kwanza. Afadhali uile wewe kabla ya kutoboa, skrubu ikae mahali ambapo kikaza kitaishi.

Alama niliweka kwa biti iliyojaa sawasawa kwenye tundu la kisikio, ya milimita 2.3 kwa vikaza vyangu. Sikuifunga kwenye drili. Niliizungusha kwa vidole, mizunguko mitano au sita, mpaka ikaacha kibonde chenye katikati iliyo katikati kweli. Penseli haifanyi hivyo. Penseli huchora duara ukutani mwa kisikio, halafu unakisia katikati yake, na kukisia ndiko kulikonifikisha kwa antena ya redio. Baada ya hapo nilivitoa vikaza vyote, nikachukua msumari wa chuma niliounoa ncha, nikaweka ncha kwenye kila kibonde na kuigonga mara moja. Biti nyembamba inahitaji shimo la kukaa. Ikilipata haina sababu ya kutembea.

Kina nilikihesabu kwa karatasi. Skrubu ina urefu wa milimita 9 chini ya kichwa chake, kisikio cha kikaza kina unene wa milimita 2, kwa hiyo milimita 7 ndizo zinazoingia mbaoni. Nikaongeza moja ili ncha isigonge sakafu ya tundu. Kichwa cha gita kina unene wa milimita 14.6, nafasi ipo ya kutosha, lakini nilizungushia tepu kwenye biti hata hivyo, na kuacha kijimkia cha tepu kimetokeza. Tundu linapofika kina chake, kijimkia hufagia unga wa mbao juu ya uso. Unaona kimefagia, unaacha. Ile tepu iliyobanwa kwa biti bila mkia mara nyingine hupanda juu bila wewe kujua. Biti yenyewe niliisukuma ndani ya taya za drili mpaka ikabaki kama milimita 15 nje, kwa sababu ikiwa ndefu inapinda.

Gita lilikuwa limelala kifudifudi juu ya blanketi iliyokunjwa, na chini ya kichwa niliweka kipande cha mbao chenye kitambaa, ili nguvu ya mkono iishie hapo na isiifikie shingo.

Nilitumia drili ndogo ya mkono, ile unayoizungusha kwa vidole huku kiganja kikiiegemea. Kwa tundu la kina cha milimita 8 haichukui hata dakika mbili, na vidole husikia mambo ambayo mota haielezi. Milimita ya kwanza ina ukavu wa vanishi, vumbi linalotoka ni jeupe. Halafu biti inatulia, vumbi linageuka rangi ya maziwa mazito, na unajua umeingia kwenye mti. Kila baada ya milimita mbili niliitoa na kupuliza. Unga ukijaa kwenye mikunjo ya biti nyembamba, biti hupata moto, hunasa, na hukatika kwa urahisi kuliko skrubu.

Kuna jambo nililigundua kwenye tundu la pili na nikalitumia kwa yote yaliyobaki. Nilikuwa nimebandua tepu kuzunguka alama kwa upana wa sarafu, na vanishi iliyokuwa chini yake ilikuwa inang'aa kama kioo. Nilipoinamisha kichwa niliona taswira ya biti ndani ya vanishi, kana kwamba kuna biti ya pili inayokuja kutoka chini kukutana na ya juu. Drili ikiinama hata kidogo, biti mbili zile zinavunjika mahali zinapokutana, kama fimbo iliyochomekwa majini. Ikisimama wima, zinakuwa mstari mmoja. Niliangalia kutoka mbele, nikaangalia kutoka pembeni, zikinyooka pande zote mbili naanza kuzungusha. Hakuna kifaa nilichokuwa nacho ambacho kingenionyesha wima kwa uhakika kama ule. Kwa gita lisilong'aa mtu angetumia kijipande cha mbao chenye tundu lililonyooka kama mwongozo, nacho ni kizuri, ila kinakuziba usione ncha.

Tundu la E ndilo nililoliogopa, kwa kuwa kitovu chake kipya kilikuwa milimita moja kando ya kile kibaya, ndani ya kijiti cha milimita 4. Nililiacha la mwisho. Biti ilizama bila kuyumba, na ukingo wa kijiti ulibaki mzima.

Kisha nikachukua biti ya milimita 4, bila drili, nikaizungusha kwa vidole mara mbili tatu kwenye mdomo wa kila tundu. Hii huondoa pete nyembamba ya vanishi na kuacha mdomo umelegea kidogo kama sahani. Bila hivyo, hesi za kwanza za skrubu huinua vanishi inapoingia, na vanishi ya zamani ikiinuliwa huruka kwa vipande. Ni kazi ya nusu dakika kwa matundu yote sita, na ndiyo inayoyafanya yaonekane kama yametobolewa kiwandani.

Skrubu za vikaza sikuziingiza kwanza. Nilitafuta skrubu moja ya chuma kigumu yenye vipimo vilevile, nikapaka nta ya nyuki kwenye hesi zake, nikaiingiza katika kila tundu na kuitoa, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka chini. Hiyo ndiyo iliyokata njia ya hesi ndani ya mepo. Zile za urembo zilipokuja zilikuta barabara imeshachongwa, nazo nilizipaka nta vilevile. Wapo wanaotumia sabuni. Sabuni hulainisha kweli, lakini inavuta unyevu, na unyevu kando ya skrubu ya chuma ni kutu ya baadaye. Nta haina shida hiyo. Bisibisi nayo iwe saizi ya msalaba wa skrubu. Niliyotumia jioni ya kwanza ilikuwa ndogo mno, ikawa inapanda nje ya msalaba na kunilazimisha kuiegemea.

Hakuna iliyolia. Kila moja iliingia kwa uzito ule ule kutoka mzunguko wa kwanza mpaka kichwa kilipogusa kisikio, na hapo niliacha. Zilishafika, hakuna zaidi ya kutafuta.

Pembeni mwa kikaza cha E kuna ukingo mwembamba wa kijiti usiofunikwa na kisikio, mweupe kuliko mepo ya miaka mingi inayouzunguka. Mkwaruzo wa biti upo kando yake. Kaka alinishauri nivipake vanishi yenye rangi kidogo, nami nitafanya hivyo nikipata rangi inayolingana. Mjomba alipolishika gita alipitisha kidole gumba hapo, akauliza palikuwaje, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Akageuza gita, akapanga uzi wa tatu, akapiga. Alipiga tena wimbo mzima, kisha mwingine, bila kugusa kishikio.

Baada ya wiki moja nilirudi na spana kwenye nati za mbele. Mbao hujibana kidogo chini ya nati mpya nyuzi zikishaanza kuvuta, na tatu kati ya sita zilikubali kama moja ya nane ya mzunguko. Skrubu za nyuma nilizijaribu moja moja kwa bisibisi. Zote zilikuwa pale nilipoziacha.